Chumvi na Utomvu wa Mahameni

Mpaka leo nikinusa utomvu wa mkorosho unaoyeyuka kwenye maji ya moto, narudi Kibaha moja kwa moja. Ni harufu ya gome bichi, na kwa mbali kidogo harufu ya uji uliosahauliwa jikoni. Wengine hawaipendi. Shauri yao.

Maabara yetu ilikuwa kando ya barabara ya Morogoro, upande wa kuelekea Misugusugu, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya bwana mifugo ambaye hakuwahi kuhamia. Bafu lake tulilifanya chumba cha mizani. Chumba kikubwa cha kulala ndicho kilichokaa mashine, zawadi ya wafadhili waliokuja, wakaifunga, wakapiga nayo picha, wakaenda zao. Ilikuwa na pampu, bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa punje nyeupe laini, na mwisho kabisa kalamu iliyochora mstari kwenye karatasi inayojisogeza yenyewe. Lori zito likipita barabarani, kalamu iliruka. Tulizoea mpaka tukawa tunajua, hili ni lori na huu ni utomvu.

Kazi ya mashine ilikuwa kupima ukubwa wa molekuli. Zile punje zina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ukipitisha utomvu ulioyeyushwa, molekuli ndogo huingia kila kitundu, huzurura humo, huchelewa. Kubwa hazipati pa kuingia, kwa hiyo hupita nje nje na kutoka kwanza. Kalamu nayo huchora mlima. Mlima ukija mapema, molekuli ni kubwa. Ukichelewa, ni ndogo. Nilipomweleza baba, alisema ni sawa na kuku na vifaranga wake kwenye ua wa fito: vifaranga wanapenya kila tundu, mama yao anazunguka.

Kwa nini utomvu? Miaka ile nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuagiza gundi, na watu walibandika bahasha kwa uji wa muhogo, mende wakazila. Kisarawe nzima imejaa mikorosho, na kila mkorosho mzee hutoa machozi ya utomvu ambayo watoto waliyafanya ulimbo wa kunasia ndege. Kiwanda kimoja kikasema kitaununua, ila kwa sharti: molekuli ziwe za ukubwa wa katikati. Zikiwa kubwa mno gundi inakuwa kamasi na kuziba mitambo. Zikiwa ndogo mno haishiki kitu. Ndipo tukaambiwa tupime.

Mimi ni Mzaramo wa Kurui, na kupima huku kulinigusa mahali ambapo mkuu wangu wa kazi hakupajua.

Wakati wa operesheni ya vijiji, watu wetu walihamishwa kutoka kwenye miji yao ya asili na kupangwa mstari mmoja kando ya barabara. Baba alihama kwa sababu alitakiwa kuhama. Nyumba ikaanguka, mahali petu pakawa mahame, lakini mikorosho aliyoipanda akiwa kijana ilibaki kule, na chini ya mikorosho hiyo amezikwa mama yangu. Kila alfajiri baada ya kuswali baba alichukua panga lake akatembea kurudi kule, akapalilia, akakaa, akarudi jua likiwa kali. Watu wa kijiji walimcheka, wakamwita mlinzi wa mahame. Hakujali, au alijifanya hajali. Baba alikuwa mbishi tangu tumboni.

Sasa kijiji kikaamua kuwa miti ya mahameni haina mwenyewe. Ikatwe iwe mkaa, kisha trekta ilime shamba la kijiji. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema watasubiri jambo moja tu: maabara ya Kibaha ikisema utomvu wa kule unafaa, miti itabaki. Ikisema haufai, mashoka yataingia kabla ya mvua. Baba alikuja mwenyewe Kibaha kuniambia, yeye ambaye hakupenda hata kufika Mlandizi. Alikaa kwenye ngazi ya maabara, akakataa chai, akakataa kiti.

"Wakikata mikorosho, mwanangu, trekta litapita juu ya mama yako," aliniambia.

Akaniachia kopo la utomvu wake na kuondoka na lori la mchana.

Mkuu wangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, msomi wa ng'ambo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Asiyejua utani wa Mzaramo na Mnyamwezi angetushangaa tulivyokuwa tukiishi pale. Mtani wako akikukuta na shati jipya anaweza kukuvua, na wewe ukicheka mambo yameisha. Ukinuna, umevunja mila. Anaweza kuja msibani kwako akalia kilio cha uongo na kuzuia maziko mpaka apewe chake, na hakuna wa kumkemea. Basi yule bwana kila asubuhi alinikuta nimeshakunywa chai yake. Naye alikula maandazi yangu mbele ya macho yangu, akisema Wazaramo tumezaliwa kucheza ngoma, kula tunajifunza ukubwani.

Lakini kwenye mashine hakuwa na mzaha. Vitabu vya wafadhili viliandikwa kwa ajili ya plastiki, na viyeyushi vyake vilikuwa vile vikali vinavyonuka mpaka kichwa kinauma. Tulivijaribu. Utomvu wetu ulikaa chini ya chupa kama mchanga wa mto, haukujali. Maji ndiyo yaliyouyeyusha, na mkuu wangu, kwa kupenda usafi, aliyakeneka maji hayo, akiyageuza mvuke na kuyapooza tena, mara mbili, yasiwe na hata chembe ya kitu. Alikuwa akiyainua juani kwenye chupa na kutabasamu. Nayakumbuka sana yale matabasamu, kwa sababu ndiyo yaliyotupoteza.

Tukapima. Utomvu wa wanawake wa kijijini, uliokusanywa na shangazi yangu na wenzake kutoka miti ya karibu na barabara, ulitoa mlima mzuri, katikati kabisa, mahali kiwanda kilipopataka. Nikapiga kigelegele humo humo ndani. Kesho yake asubuhi, baada ya bomba kusafishwa usiku kucha kwa yale maji, nikapitisha utomvu wa baba.

Mlima ukaja mapema mno. Ukaja kabla ya kila kitu, mwembamba, umesimama wima pale mwanzo ambapo mashine yenyewe haiwezi tena kupima. Nikarudia asubuhi nyingine. Vilevile. Kwa mujibu wa ile kalamu, molekuli za baba yangu hazikuingia kwenye kitundu hata kimoja.

Mkuu akaitazama karatasi, akaitazama tena, akasema maneno yake taratibu: miti ya mahameni ni mizee, imeachwa, imeharibika, utomvu wake haufai. Ule wa miti ya kijijini unafaa. Ndivyo atakavyoiandika ripoti, na gari la wizara litaichukua Ijumaa.

Nikamwambia miti hiyo na ile ya kijijini ni mbegu moja, baba mwenyewe ndiye aliyewagawia majirani korosho za kupanda. Nikamwambia haijaachwa, inapaliliwa kila siku ya Mungu. Nikasema mengi, na mengine sikuyasema kwa adabu. Sikumwambia habari ya kaburi. Ningelia, na sikutaka alione chozi langu.

"Utani ni utani, kazi ni kazi," akanijibu. "Mashine haina baba."

Lo, nilimchukia siku hiyo. Nikaomba ruhusa, nikapanda lori Mlandizi, nikashika njia ya Mzenga nimekaa juu ya magunia, na hasira yangu imekaa pembeni yangu. Nilikwenda kumwambia baba kabla hajaambiwa na wengine.

Nilifika Kurui alasiri. Baba alikuwa bado hajarudi kutoka mahameni. Nikamkuta shangazi, dada yake baba, nyuma ya nyumba, anakoroga sufuria kubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniambia nipeperushe moto. Nikachungulia nikidhani ni kisamvu. Ulikuwa utomvu. Kando yake, kwenye kifuu, magadi yaliyosagwa.

Nikamuuliza anafanya nini. Akashangaa swali. Anausafisha, akasema. Sabuni yenyewe haipatikani, foleni ya duka la kijiji tunaijua, basi magadi ndiyo yanayotoa uchafu, na yanaulainisha ukawa mweupe wa kupendeza. Wanawake wote wanafanya hivyo tangu walipoambiwa unakwenda kupimwa na wataalamu. Kitu cha kwenda serikalini hakipelekwi na gome na mchwa. Watatuona washamba.

"Na baba?" nikauliza.

Shangazi akabeua mdomo. Alimbembeleza kaka yake mpaka akachoka. Kaka mtu alimjibu kuwa utomvu si kisamvu, hatii magadi ng'o, na anayetaka kuucheka ukiwa na gome aucheke. Akapeleka vilevile ulivyotoka mtini.

Nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Moto ukazimika, shangazi akanisema, sikumsikia.

Magadi ni chumvi. Molekuli za utomvu wa mkorosho zina chaji, na zote ni za aina moja, hasi. Vitu vya chaji moja husukumana. Ukiziweka kwenye maji matupu yasiyo na chumvi yoyote, kila kipande cha molekuli kinakwepa chenzake, molekuli inajinyoosha, inajitanua, na punje za kwenye bomba nazo zina chaji hiyo hiyo, zinaifukuza mlangoni. Inapita nje, inatoka kwanza, inaonekana jitu. Lakini tia chumvi. Chembe za chumvi zinaingia katikati, ugomvi unapoa, molekuli inajikunja ikakaa kwa ukubwa wake wa kweli. Nyumba yenye ndugu waliogombana iko hivyo: kila mmoja kona yake, mpaka mtu abishe hodi, hapo ndipo wanapokaa mkeka mmoja na kuzungumza vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Utomvu wa kina shangazi ulikuja na mgeni wake sufuriani. Tena niliupitisha mmoja baada ya mwingine, magadi ya aliyetangulia yakibaki bombani kumpokea anayefuata. Wa baba ulikuja peke yake, asubuhi, kwenye bomba lililooshwa likaoshwa. Tulikuwa tumeyasafisha maji mpaka yakasema uongo, na aliyeumia ni yule mmoja tu ambaye hakutia kitu.

Baba aliporudi nilimwambia hakuna jibu bado. Akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi Kibaha Alhamisi, nimebeba utomvu mbichi wa miti ya kijijini na hoja yangu yote nimeipanga. Mkuu alinisikiliza, namshukuru kwa hilo, akasema huenda ni kweli. Lakini ripoti ni ya kesho, na pampu ni moja nchi nzima. Chumvi ikiila, hakuna fedha ya kuleta nyingine, na hatothubutu kuijaribu kwa nadharia iliyopatikana jikoni. Akafunga maabara. Akaenda kunawa mikono kwenye pipa la nje, na ufunguo akauweka juu ya ukingo wa dirisha, kama siku zote.

Nikauchukua, nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikakaa kwenye ngazi pale pale alipokaa baba.

Alipogeuka, aliutafuta kwa macho, kisha akanitazama mimi.

"Mtani," akasema, "nipe ufunguo."

"Nimekamata," nikamwambia. "Ukitaka kununa, nuna."

Mali ikishikwa na mtani huna pa kuishitaki, na anayejua zaidi kuliko Mnyamwezi nani? Alisimama pale na mikono inachuruzika maji. Niliogopa kweli, maana aliyekuwa mbele yangu alikuwa mtani, lakini pia alikuwa mkuu wa kazi, na angeweza kuchagua awe yupi. Akavua miwani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza nataka kilemba gani ili niuachie. Nikasema nataka mashine, mpaka utomvu wa baba upite kwenye maji yenye chumvi. Na hapo nikamwambia kuna kaburi la nani chini ya ile miti. Akaniambia ningeanza na hilo, mjinga mimi.

Basi tukakaa kuchagua chumvi, na sijapata kufurahia kazi maishani kuliko saa zile. Chumvi ya kula tuliikataa kwa pamoja: kloridi inakula chuma, ingetutoboa pampu polepole. Magadi nayo yana ukali wa alkali. Yangezila zile punje zenyewe na kuvunja utomvu. Tukakubaliana naitreti ya sodiamu, ambayo ni pole kwa chuma na haina ukali wa upande wowote. Sisi hatukuwa nayo. Nikatoka mbio mpaka shule ya sekondari ya jirani, nikamkuta mwalimu wa kemia anafunga stoo, nikamwamkia kwa heshima zote nilizokuwa nimewanyima wengine wiki ile. Alinipa chupa iliyovimba kifuniko kwa unyevu, akitaka tu nimletee utomvu wanafunzi wauone.

Halafu kiasi. Hilo watu hawalijui, kwamba kuchagua chumvi ni nusu ya kazi. Tulianza na kidogo sana, na mlima wa baba ukasogea, lakini bado ulikuwa mapema. Tukaongeza, ukasogea tena. Tukaongeza, ukasogea. Kisha tukaongeza na haukusogea, ukakaa pale pale, na mkuu akasema basi, hapa ndipo kwake. Ukiendelea kutia chumvi baada ya hapo, utomvu utaanza kung'ang'ania punje na utadanganywa upande wa pili. Kipimo ni kile kidogo kabisa ambacho mlima umekubali kutulia. Jikoni pia ni hivyo hivyo, ila shangazi hakubaliani nami.

Na pale ulipotulia palikuwa katikati kabisa. Utomvu mbichi wa miti ya kijijini ukaja ukasimama juu yake, mlima juu ya mlima, huwezi kuutofautisha. Ule wa magadi ndio uliokuwa na kasoro: ulikuwa na mkia mrefu wa molekuli ndogo zilizovunjwa na kuchemshwa. Mkuu alizishika karatasi dhidi ya taa, moja juu ya nyingine. Asubuhi aliichana ripoti yake mbele yangu, akaandika nyingine, na gari la wizara likamsubiri likipiga honi.

Pampu tuliisuuza kwa maji matupu, tukaisuuza tena. Haikupata doa.

Miti ikabaki. Wanawake wakaambiwa wasitie magadi tena, wakusanye na kuondoa gome kwa mkono, na shangazi akasusa siku kadhaa akisema kumbe serikali inapenda uchafu, angejua asingechosha kuni zake. Baba nilimpelekea karatasi yenye ile milima miwili. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza wa kwake ni upi. Nikamwambia yote miwili, haitofautiani. Akasema, "Nilikwambia ni mbegu moja," na kumbe aliyesema hivyo ni mimi, lakini nilimwachia. Kesho yake alfajiri akachukua panga akaenda mahameni, hakuna aliyemcheka.

Miaka ile tulikuwa na shida, sitaki kuidanganya nafsi yangu. Tulivaa viatu vya matairi na tulikunywa chai bila sukari. Lakini natamani hata leo kusikia ile kalamu ikikwaruza karatasi, na lori likipita, na sauti ya Mnyamwezi yule ikiuliza nani amekunywa chai yake.

Baba alifariki mikorosho ikiwa imechanua. Tulimzika mahameni, kando ya mama, kama alivyotaka. Mkuu wangu alikuwa ameshahamishwa zamani. Sijui nani alimpelekea habari, lakini alikuja, viatu vimejaa vumbi la Mzenga, miwani ile ile na uzi mwingine. Sisi wanawake tulibaki mbali kidogo kwenye mikeka, kama desturi ilivyo. Lakini mahameni hakuna ukuta, kila neno lilitufikia.

Walipomnyanyua baba kumshusha, nikasikia sauti ya Mnyamwezi wangu.

"Simamisheni. Kaburi hili dogo. Mzee huyu nilimpima mwenyewe kwa mashine ya serikali, nikaona hana kitundu cha kumtosha. Humu mtamwingizaje?"

Wachimbaji wakacheka. Hata imamu aliinamisha uso. Shangazi pembeni yangu alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika, sijui kwa kipi. Mtu akamuuliza mtani anataka apewe nini ili apishe. Akasema hataki kitu. Kuna mtu mmoja tu hapa anayejua dawa yake, aulizwe yeye.

Wanaume wote wakageuka kututazama. Mimi ambaye sijawahi kupungukiwa na neno, nililia kwanza, kilio cha kweli, cha sauti, chumvi ya machozi ikanifika midomoni, na wakanisubiri.

"Mpishe, Mtani," nikasema. "Ataingia."

Akasogea. Alipokwisha kushushwa, alichukua koleo kwa mchimbaji, akawa wa kwanza kurudisha udongo.